Mlioniambia nianze na Fallout 4, mmeniingiza chaka

Wakuu, uzi huu nimeuandika nikiwa na hasira na siufuti. Atakayekereka apite kushoto. Mods wa jukwaa, nawaomba msiuunganishe na ule uzi mkongwe wa gemu za Fallout, maana huo ndio ulionifikisha hapa.

Mimi kwa asili ni mtu wa gemu za mpira. Mwaka 2024 ilipotoka tamthilia ya Fallout, iliyotokana na gemu hizo, niliimaliza kwa siku mbili, nikavutiwa sana na yule bwana asiye na pua, nikaja humu kuuliza kwa adabu zote: jamani mimi mgeni, nianze na gemu ipi ya Fallout? Mmoja akasema New Vegas. Wa pili akasema ya 4. Wa tatu akaja kusema anayeanza na ya 4 hajui gemu ni nini. Basi mkaniacha pale pale, mkaanza kushushuana nyinyi kwa nyinyi kurasa nne nzima, hadi mtu akatajiwa mama yake. Mlikubaliana jambo moja tu: ile ya kwanza, ya 1997, nisiiguse. "Imezeeka hiyo mkuu, utasinzia." Maneno hayo yashikeni, nitayarudia.

Halafu hizi namba nani alizipanga? Kwenye hadithi yao mabomu ya nyuklia yanaanguka tarehe 23 Oktoba 2077, Marekani na China wanamalizana, sawa, nimeelewa. Gemu ya kwanza hadithi yake iko mwaka 2161, California. Ya 2 iko 2241. Ya 3 imehamia Washington, 2277. New Vegas haina namba, lakini ndiyo inayoendeleza mambo ya ya kwanza na ya 2. Kisha kuna iliyotoka 2018 inayoitwa 76, ambayo kwa hadithi inazitangulia zote, mwaka 2102! Kumbe hiyo 76 ni namba ya handaki la kujikinga na mabomu, wao wanaliita Vault. Mgeni atajulia wapi? Mimi nilidhani kuna nyingine sabini na kitu sijaziona.

Nikachukua ya 4, kwa kuwa aliyeitetea alikuwa ametukana kidogo kuliko wenzake. Inataka GB 30. Nimeishusha usiku tatu kwa bando la usiku, umeme ukipepesa tu mapigo ya moyo yanabadilika.

Sasa nisikilizeni. Gemu inaanza vizuri, tena vizuri sana. Wewe na mwenzi wako na mtoto mchanga mnakimbilia handaki, Vault 111, bomu linapiga Boston mkiwa mlangoni, mnagandishwa kama samaki. Unazinduka, unaona kwa macho yako kupitia kioo mwenzi wako anapigwa risasi na mtoto anachukuliwa, na huwezi kufungua mlango. Mimi ni baba wa watoto wawili. Chai ilipoa mezani. Nilitoka kwenye lile handaki nikiwa na nia moja tu, nimpate mwanangu, na atakayesimama mbele yangu tutazikwa wote.

Anayesimama mbele yako ni Preston Garvey, kiongozi wa mgambo.

Mnamjua, msijifanye. Unamwokoa pale mji wa Concord, wanakupa lile vazi la chuma na bunduki kubwa ya mizunguko ndani ya saa ya kwanza ya mchezo, unaua Deathclaw, ambaye kwa maelezo yenu ndiye mnyama wa kuogopwa kuliko wote jangwani. Saa ya kwanza! Unamsaidia kijiji kimoja, anakuvika ujenerali wa mgambo wake. Kuanzia hapo kila ukipita karibu yake kuna watu mahali fulani wanahitaji msaada, nenda. Jenerali gani anayetumwa na msaidizi wake kama kijana wa dukani? Na mimi nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu nilidhani nikiwasaidia hawa nitasikia habari za mtoto. Wapi. Nikirudi ananipa kijiji kingine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto hasubiri kwa sababu yoyote ile. Anasubiri kwa kuwa gemu haijali. Nimekaa miezi mitatu ya mle ndani nikijenga mabanda na kupanda viazi. Nimezunguka Boston nzima nikiokota feni za mezani, kwa kuwa ukizivunja unapata skrubu. Mzazi gani, mtoto wake kaibwa, anaiba feni? Nikimkuta mtu mwenye taarifa za Shaun, ndiye huyo mtoto, mtu ninayemchezesha anaongea kwa uchungu, sauti inakatika kabisa, halafu akitoka nje anaendelea na feni. Mmoja wenu nilipolalamika alinijibu, "Ni RPG mkuu, gemu ya kuigiza mhusika wako, cheza unavyotaka." Kaka, mimi nilitaka mwanangu. Waandishi ndio walionambia kuna haraka, sikuitunga mimi.

Na huo uhuru mnaousifia uko wapi? Mtu akikuuliza kitu unapewa vitufe vinne. Unabonyeza neno moja, jamaa anatamka sentensi nzima ambayo hukuikusudia. Kukataa kwenyewe mara nyingi ni "baadaye", na ukirudi kazi ile ile inakungoja.

Sasa nije kwenye uchafu. Samahanini, lakini hili lazima niliseme. Mwaka wa hadithi ni 2287. Vita imepita miaka 210. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa kakaa pembeni yangu siku moja, tumeingia kwenye nyumba yenye watu, wanaishi humo, wanapika humo. Mifupa ya marehemu bado iko kitandani. Magazeti ya kabla ya vita yametapakaa sakafuni. Dogo akaniangalia, akauliza, "Mjomba, kwani hawa hawana ufagio?"

Nikamjibu, "Wako bize, mjomba."

Sikuwa na jibu lingine. Miaka 210! Wameweza kutengeneza bunduki za leza kwa vyuma chakavu, wameweza kuwasha taa za mji uliojengwa ndani ya kiwanja cha besiboli, lakini fagio la chelewa limewashinda kizazi baada ya kizazi. Nikasema basi nitafagia mwenyewe, maana gemu inajisifia kwamba unajenga makazi. Pale Sanctuary, mtaa wa nyumbani kwako, unaweza kuvunja nyumba nzima iliyoanguka ukabaki na uwanja mtupu. Zile lundo za majani makavu hazitoki. Hazitoki! Nimezizunguka, nimezielekezea kila kitu. Nimeweka kitanda juu yake, majani yanachungulia katikati ya godoro. Yule roboti wa nyumbani, Codsworth, amekaa peke yake hapo miaka mia mbili na anakwambia kabisa alijaribu kusafisha sakafu ikamshinda. Wenyewe wanajua, wameona wafanye utani.

New Vegas sitaisema sana kwa sababu sijaimaliza. Unapigwa risasi ya kichwa, unazinduka Goodsprings kwa daktari mzee, usiku unaona taa za Vegas zinawaka kaskazini. Nikashika barabara kuelekea kwenye taa, kama mtu mwenye akili timamu. Nikakutana na Deathclaw, na hawa si wale wa Concord. Nikarudia mara sita. Kumbe unatakiwa uelekee kusini kwanza, uzunguke jangwa zima, ndipo upande. Ni kama uko Kibaha unataka kwenda Kimara, ukaambiwa upitie Bagamoyo. Nilikasirika, ila angalau pale niliuawa kwa haki: njia ni mbaya, umepita, umekufa.

Ndipo nikafanya mlilonikataza.

Ya kwanza inakwenda hata kwenye laptopu ya ofisini. Unaitazama kutoka juu kama bao, watu wadogo kama punje, mapigano ni ya zamu zamu, kila hatua ina hesabu. Nikatengeneza mtu wa nguvu, akili nikampa 2 kati ya 10 kwa dharau, maana ya 4 ilinifundisha kwamba hata ukiweka akili 1 mtu wako ataongea kama wakili. Nikafika kijiji cha Shady Sands, mlinzi ananisalimia vizuri, mtu wangu ananguruma. Kila mtu ananguruma naye hivyo hivyo. Hawezi kuuliza njia, hawezi kuomba kazi, watu wanamhurumia tu. Nilicheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamfuta, nikaanza upya.

Kazi ni moja. Chipu ya kusafisha maji ya Vault 13, handaki unakotoka, imekufa, una siku 150 kutafuta nyingine. Unapewa sehemu moja tu ya kuanzia, handaki jingine, Vault 15. Nikatembea siku kadhaa hadi huko. Nimefika, lifti imekufa, shimo ni refu, kinatakiwa kipande cha kamba. Sina. Rudi Shady Sands ukatafute kamba. Nikarudi, nikaipata, nikaenda tena, nikashuka na panya wakubwa wananing'ata miguu, nikafika chini kabisa kwenye chumba chenyewe, na chumba kimefukiwa na kifusi. Hakuna chipu. Hakuna kitu. Nilikaa nikitazama kile kifusi kama mtu aliyefika kwenye ofisi ya serikali saa tisa na nusu.

Na nyie mlisema nitasinzia.

Sasa ndiyo hasira yangu ilipo. Nilipofika mji wa Junktown nikakuta ugomvi wa Killian, mwenye duka, na Gizmo wa kasino. Nikaanza kushughulika nao. Nikaenda huku, nikalala siku nzima nipone majeraha, nikarudi, nikalala tena. Kwa nini? Kwa sababu saa themanini za ya 4 zimenizoesha kwamba mtu akikwambia "fanya haraka" anapamba maneno tu, nenda kaokote feni. Siku ya 150 ikafika nikiwa bado naamua ugomvi wa watu wasionihusu. Watu wa handaki langu wamekufa kwa kiu, na gemu ikaisha hapo hapo, bila kubembelezana. Nilikuwa na saa kumi na moja humo.

Hao watu mmewaua nyinyi. Ndiyo, nyinyi wa kurasa nne. Mngeniambia "anza na ya 1997, na angalia kalenda yako", ningeingia nikiwa na adabu. Badala yake mmenipeleka kwenye gemu inayolia machozi ya uongo kwa ajili ya mtoto, ikaniharibu tabia, halafu nikaenda nayo tabia hiyo kwenye ile iliyokuwa inamaanisha ilichosema. Na msiniletee kwamba watu wengi hawapendi kuhesabiwa siku. Najua. Mimi pia nilidhani sipendi.

Nimeanza tena. Safari hii silali ovyo, kamba nimenunua mapema, nimemchukua yule Ian wa Shady Sands anilinde. Nimebakiza siku 63. Asitokee mtu akanitajia chipu iko wapi, nitamripoti. Ninachouliza ni kimoja, na ajibu aliyecheza, sio aliyesikia: Ian nilimpa ile bunduki ya kumimina risasi, ameshanipiga mgongoni mara tatu tukiwa tunapigana na adui mmoja. Hilo nimemsamehe. Lakini tangu saa mbili usiku amesimama mlangoni, mimi niko ndani ya chumba, hapishi, na hakuna pa kubonyeza asogee. Namtoaje bila kumuua?

Na nimesevu humo humo ndani.