Ushauri: nizuieje gari lisipinduke kwenye kilima kikali kisicho na barabara?

Kijana wa Kijenge

Wakuu, shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa rika langu. Nimepewa kazi ya kuendesha Land Cruiser ya chasisi ndefu, yenye keria juu, kuwapeleka watafiti wa mimea pamoja na mizigo yao katika milima ya Monduli. Barabara za hifadhi nimezizoea, na kule Ngorongoro nimeshuka kreta kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa ile ya Lerai mara nyingi bila tatizo. Safari hii kuna kilima ambacho hakijachongwa barabara. Kina njia ya ng'ombe tu, nayo imekatwa na korongo baada ya mvua za masika. Mwenzangu ananishauri nilikwepe korongo hilo kwa kuambaa ubavuni mwa kilima, penye nyasi, kisha niirudie njia huko juu. Mimi nahofia gari litalala. Naomba kujua ni mteremko wa kiasi gani gari la namna hii linaweza kuhimili kwa ubavu, na nifanye nini likianza kuinama nikiwa katikati.

Mzee wa Ngaramtoni

Marahaba, mwanangu. Hofu yako ni ya haki, na ningependa uisikilize kuliko unavyomsikiliza mwenzako. Seneto na Lerai zimekufundisha kulishika gari kwa gia, lakini hazikukufundisha ubavu. Ingawa ukuta wa kreta ile una kimo cha mita zipatazo 600, barabara zake zimechongwa ukutani, kwa hiyo magurudumu ya kushoto na ya kulia hukanyaga karibu usawa mmoja. Kwenye kilima ulichokieleza hakuna aliyekusawazishia ardhi.

Kilima hupandwa kwa kukielekea moja kwa moja na kushukwa vivyo hivyo, kwa sababu gari ni refu kuliko lilivyo pana, na ule urefu ndio unaolizuia lisipinduke kirahisi. Ukishaanza kupanda, usigeuze katikati hata kama unaona njia nzuri pembeni. Injini ikishindwa, kanyaga breki, weka rivasi katika gia nzito za fowili (za kuendesha magurudumu yote manne kwa nguvu na polepole), achia klachi, kisha shuka kinyumenyume ukiwa umenyoosha usukani, injini ikilishika gari. Usiweke fri (gia huru) kabisa, wala usishuke huku umekanyaga klachi. Gari likishaanza kukimbia kinyumenyume, kidogo tu cha usukani hulilaza mkingamo, na hapo ndipo hubingirika.

Fundi wa Mbauda

Naunga mkono maneno ya Mzee, na niongeze hesabu, kwa maana swali la nyuzi (digrii) ngapi za mteremko halina jibu moja kwa magari yote. Kinachoamua ni upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, pamoja na kimo cha kitovu cha uzito wa gari, yaani pale ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Tuchukue mfano wa gari la kilo 2,400 ambalo matairi yake yameachana kwa mita 1.5 na kitovu chake kiko sentimeta 80 kutoka ardhini. Kwa karatasi, gari hilo litapinduka likifika kama nyuzi 43. Sasa pakia kilo 300 juu ya keria, kwenye kimo cha mita 2.1: kitovu kinapanda hadi karibu sentimeta 94, na kikomo kinashuka hadi nyuzi 38 na ushee.

Hiyo bado ni karatasi, gari likiwa limesimama tuli. Tairi la upande wa juu likikanyaga jiwe la sentimeta 15, umeongeza karibu nyuzi 6 kwa mara moja. La chini likiingia shimo la kina hicho hicho, umeongeza nyingine 6. Springi za upande wa chini nazo hubonyea na kuliinamisha gari zaidi. Kwa gari lililopakiwa kama lako, mimi nisingekubali ubavu unaozidi nyuzi 15, na ningeshusha madumu ya maji na mahema yote kutoka kwenye keria na kuyafunga kwa kamba sakafuni.

Kupima si kazi kubwa. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja na pimamaji ya mwashi. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ubao uwe sawa, kisha pima nafasi iliyo chini ya ncha ya pili. Ikiwa sentimeta 27, hizo ni nyuzi 15. Ikifika sentimeta 36, ni nyuzi 20. Pima mahali pengi, hasa penye mawe na mashimo.

Jambo la matairi pia nalisema kwa uzito. Wengi hupunguza upepo ili gari lishike vizuri, na kwenye mchanga ni sahihi. Ubavuni, tairi lisilo na tyubu likiwa na upepo mdogo mno linaweza kuchomoka kwenye rimu. Rimu ikichimba ardhi, gari linakosa msaada upande ule ule linaouhitaji.

Mama Kibosho

Mimi ni mwenyeji wa upande wa Moshi, na ninaendesha pikapu kwenye miteremko ya migombani. Nyasi ulizozitaja ndizo zinazonitia wasiwasi. Zikilowa umande huteleza, na zikiwa ndefu huficha mawe na visiki. Gari likiserereka kwa ubavu, kisha tairi likagota kwenye jiwe au ukingo wa korongo, linapinduka hata pale ambapo mteremko wenyewe usingelipindua. Kwa hiyo tembea kwanza kwa miguu njia yote, ukiparaganya nyasi kwa fimbo.

Kijana wa Kijenge

Nawashukuru sana. Watafiti wabaki ndani au washuke? Na swali langu la kuinama bado linanisumbua.

Mzee wa Ngaramtoni

Washuke wote, na anayekuongoza asimame upande wa juu wa kilima, asikae upande wa chini wa gari hata kidogo. Wewe funga mkanda na mikono yako ibaki ndani. Ukihisi gari linaanza kuinuka upande wa juu, geuza usukani uelekee chini ya mteremko na uongeze mafuta kidogo ili pua ielekee bondeni. Silika itakuvuta uelekeze juu, nako ndiko kupinduka. Lakini tiba hiyo inahitaji nafasi tupu mbele yako, na wewe una korongo pembeni, kwa hiyo usiitegemee. Kwa maelezo yako, nisingelipeleka gari hilo ubavuni. Liegeshe chini ya kilima mahali tambarare, weka mawe nyuma ya matairi, kisha kodi punda kwa wafugaji wapandishe mizigo.

Kijana wa Kijenge

Nimeelewa, Mzee. Kesho nitampigia mwenyeji wetu kijijini kuulizia punda, na madumu nitayashusha kwenye keria kabla hatujatoka Arusha. Ubao na pimamaji nitavibeba pia, kwa kuwa kuna vilima vingine viwili mbele ambavyo sijaviona.