Kikombe changu kimesukumwa kwa KIDOLE! Yule bwana wa kijiweni leo kanivua nguo

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ndiyo kwanza natoka kijiweni Mikindani. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa redio iliyofungwa mpira.

Leo kaamka na Marekani yake. Eti Mahakama ya Juu kule mwaka 2010 iliruhusu kampuni zimwage hela kwenye kampeni zitakavyo, ni uhuru wa kusema. Nikamuuliza kistaarabu: hela ina mdomo? Kampuni ya mabilioni ikisema, na mimi wa magunia mawili ya korosho nikisema, atasikika nani?

Akakisukuma kikombe changu kwa kidole kimoja. KIMOJA. Kahawa ikaruka ikalowesha kashata yangu. "Hii nani kalipa?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Muuza kahawa aliacha kupepea makaa ili acheke vizuri. Kumbe raundi nzima kalipa yeye! Ndiyo maana tangu saa kumi akisema mbuzi anataga, wanaitikia "hasaa!"

Kidole kile, wakuu. Hata mke wangu wa kwanza hakuwahi kunifanyia vile.

Mkorosho Mkavu: Swali dogo mkuu. Kahawa uliinywa au uliiacha?

Mleta uzi: Niliinywa. Hoja siyo hiyo.

Mkorosho Mkavu: Hahaha! Uhuru wa kumeza.

Wakili wa Barazani: Tuweke sawa. Kesi ni Citizens United, 21 Januari 2010, majaji watano kwa wanne. Kampuni kumpa hela mkononi mgombea wa Kongresi ni marufuku tangu 1907 mpaka leo. Ilichoruhusiwa ni kutumia hela zake kwa matangazo yake, bila kupanga na mgombea. Jaji Stevens alipinga kama wewe, ila yeye hakumwagiwa kahawa.

Mama Salfa: Mnakwenda mbali. Hapa kwetu takrima, zile zawadi za wagombea kwa wapiga kura, si ilipigwa chini na Mahakama Kuu 2006? Kanga ya kampeni za 2005 mpaka leo nabebea wajukuu. Sikumpa kura.

Mkorosho Mkavu: Mama, hiyo ndiyo demokrasia!

Mtoto wa Newala: Afadhali wewe wa kikombe. Chama chetu cha msingi hela ya korosho za mnada wa tatu hatujaiona, na ukiuliza unaambiwa "mtandao".

Mama Salfa: Hata kwetu! Mtandao unakata siku ya malipo tu, siku ya makato uko imara kama mbuyu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye kidole.

Wakili wa Barazani: Kashata zenyewe siku hizi nyembamba kama kadi ya simu. Ililowa nini hapo?

Mtoto wa Newala: Mimi kashata nimeacha. Nakula ming'oko, mizizi yetu ya porini.

Mama Salfa: Ya kuchemsha? Fungu bei gani huko?