Ugomvi wa ikona Bizanti: vitabu vilichomwa au viliongezeka?

Mwl_Shangani (Mtwara):
Wakuu, salaam. Tuna mdahalo wa kikundi cha historia hapa Mtwara juu ya ugomvi wa ikona, yaani picha takatifu, katika dola ya Bizanti (Roma ya Mashariki, mji mkuu Konstantinopoli), 726 hadi 843. Upande mmoja unashikilia kwamba vitabu vingi vya Kigiriki vilipotea kwa sababu makaisari wapinga picha walivichoma. Wa pili unasema ugomvi huohuo ndio uliowasukuma watu kunakili. Nani ana hoja? Na kunakili kitabu kimoja kuligharimu kiasi gani?

Msomahati (Lindi):
Mwalimu, shika mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Nikea wa 787, uliotetea ikona, humo mna kila kitu. Mashahidi walilalamika kwamba kwenye mtaguso wao kule Hieria, 754, wapinga ikona walisoma manukuu ya mababa wa Kanisa kwenye vikaratasi, kitabu chenyewe hakikuonekana. Safari hii, kule Nikea, ikadaiwa kitabu kizima kiletwe mezani. Kimoja kilipofunguliwa, kurasa zinazotaja picha zilikuwa zimekatwa. Madai ya kuchoma yalisikika pia, lakini kisu kilikuwa na kazi kubwa kuliko moto.

Halafu soma kanuni ya 9 ya mtaguso huo. Maandishi ya kupinga ikona hayakuamriwa yachomwe: yapelekwe kwa askofu wa Konstantinopoli, yafungiwe pamoja na vitabu vingine vya uzushi. Askofu, padri au shemasi aliyeyaficha alivuliwa daraja. Tamko la Hieria tunalo leo kwa sababu wapinzani wake walilinukuu ili walijibu.

Kiwambo (Mikindani):
Niongezee gharama. Arethas, baadaye askofu mkuu wa Kaisaria, alinunua kitabu cha mwanafalsafa Plato mwaka 895 kwa nomisma (sarafu za dhahabu) 21: 13 za mnakili, 8 za ngozi. Kitabu chake cha Euclid, mtaalamu wa hesabu, cha 888 kilimgharimu 14. Nomisma 72 zilitoka kwenye ratili moja ya dhahabu, kwa hiyo Plato yule ni gramu 90 na ushei za dhahabu. Mwenye cheo cha protospatharios, cheo cha heshima cha ikulu, alipewa ratili moja kwa mwaka, nomisma 72. Piga hesabu mwenyewe.

Ngozi hiyo msiifikirie ya viatu. Haikupikwa kwa magome. Ililowekwa kwenye maji ya chokaa hadi manyoya yalegee, ikaparwa, ikawambwa ikiwa mbichi na kuparwa tena huku ikikauka imekazwa. Mwamba ngoma ataelewa: ukiiacha ilegee ikikauka inajikunja na kuwa ngumu. Vipande 4 vya ngozi hiyo vikikunjwa vinatoa majani 8, yaani kurasa 16, upande wa nyama ukitazamana na wa nyama, wa manyoya na wa manyoya. Kasoro ya Bizanti ni kwamba walipenda kuing'arisha ngozi mno, ndiyo maana wino wao hubanduka.

Mwl_Shangani:
Asante sana. Basi herufi ndogo za Kigiriki, zilizochukua nafasi ya herufi kubwa vitabuni, zilizaliwa na ugomvi huu?

Msomahati:
Hapo upande wa pili watateleza. Mwandiko wa kuunganisha ulikuwapo tayari ofisini, kwenye barua na hesabu. Kilichofanyika ni kuusafisha na kuutia vitabuni. Kitabu cha kwanza cha herufi ndogo chenye tarehe ni Injili za 835, kazi ya mtawa Nikolaos wa Stoudios, monasteri ya watetezi wa ikona, wakati kaisari Theophilos, mpinga ikona, bado yuko kitini. Faida yake ni wazi: maneno mengi zaidi kwenye ngozi ileile, na mkono unakwenda mbio. Theodore, mkuu wa monasteri hiyo ya Stoudios, alikuwa na adhabu hadi ya mnakili anayevunja kalamu kwa hasira: kupiga magoti mara 30.

Hasara iliingia wakati wa kuhamisha vitabu kutoka herufi kubwa kwenda ndogo. Herufi kubwa ziliandikwa bila nafasi kati ya maneno, na Α, Δ na Λ zinafanana. Mnakili akikata neno vibaya, kosa linarithiwa na nakala zote zinazofuata.

Kiwambo:
Na wale wa moto waulizwe habari za Photius, msomi aliyekuwa patriarki wa Konstantinopoli. Katika karne ya 9, zaidi ya miaka 100 tangu ugomvi uanze, aliandika muhtasari wa vitabu alivyosoma, vifungu 280 hivi. Karibu nusu ya maandishi hayo leo hayapo. Kama yeye aliyasoma, basi Leo III, kaisari aliyeanza kupinga ikona, hakuyachoma. Watafute upya kuanzia 1204, jeshi la Krusedi (Vita vya Msalaba) lilipoiteka Konstantinopoli.