Nani Aende Njoro Kuvunja Mahindi

Baba Mdogo, 18:52
Hamjambo nyote. Mahindi yamekauka, mengine yameshaanza kuinama. Tukichelewa na mvua irudi yataoza shambani, na bodi ya nafaka haichukui mahindi yenye unyevu wa kupita asilimia 13.5. Nimepanga tuanze kuvunja Jumatatu ya kwanza ya Januari. Vibarua mwaka huu wanataka 500 kwa siku na chakula juu. Tukija wenyewe ni bure. Naomba kila mtu, kuanzia Molo mpaka Kisumu.

Mama Mdogo, 18:55
Karibuni sana.

Shangazi Kibuye, 19:01
Ndugu yangu, wiki hiyo ndiyo shule zinafunguliwa. Vitambaa vya sare vimejaa mpaka chini ya meza ya cherehani. Wa Gredi 1, wa Gredi 7, na hawa wa Gredi 10 wanaoingia shule mpya. Lakini kama ni lazima nitajaribu.

Baba Mdogo, 19:03
Dada, wewe ndiye tegemeo. Mwaka jana ulijaza magunia sita kwa siku na vijana wakajaza matatu. Nikikukosa nimekosa watu wawili.

Mwalimu, 19:08
Shikamoo Baba Mdogo. Shikamoo Shangazi. Kabla hatujafunga mpango naomba kuuliza. Shangazi, ukifunga kibanda chako cha kushona pale soko la Kibuye, Kisumu, siku moja tu wiki hiyo, unakosa kiasi gani?

Shangazi Kibuye, 19:11
Marahaba. Siku njema natoa sare tano. Ujira nachukua 350 kwa moja, nikitoa uzi, vifungo na stima nabaki na kama 300.

Mwalimu, 19:15
Basi ni 1,500. Hiyo ndiyo bei ya siku moja ya Shangazi akiwa Njoro, na hatujagusa nauli. Darasani tunaiita gharama ya fursa, yaani thamani ya kile kizuri zaidi ulichokiacha ili ufanye hiki. Hakuna mtu anayeipokea, hakuna ujumbe wa M-Pesa unaoingia kwenye simu, ndiyo sababu huwa hatuioni. Lakini imetoka kwake. Na kwa 1,500 Baba Mdogo angepata vibarua watatu.

Baba Mdogo, 19:17
Nimekwambia yeye ni sawa na wawili.

Mwalimu, 19:18
Nakubali kabisa. Waweke wawili, 1,000. Bado kuna 500 iliyopotea bure kwa kila siku ambayo tunamtoa kwenye cherehani, pamoja na nauli ya Kisumu kuja na kurudi.

Binamu Molo, 19:22
Ngoja kidogo. Shangazi akibaki, ile 1,500 inabaki mfukoni mwake. Za vibarua anatoa Baba Mdogo. Kwa hivyo mmoja anafaidi, mwingine anaumia. Huwezi kusema "familia imepata" ukaishia hapo.

Mwalimu, 19:25
Hilo ni swali zuri, na wanauchumi wengi hulipita haraka. Hesabu inaonyesha tu kwamba kuna kitu cha ziada cha kugawana. Haisemi nani atakipata. Hapo ni makubaliano yetu sisi wenyewe.

Shangazi Kibuye, 19:27
Mimi niko tayari. Kwa kila siku ambayo ningekuja, natuma 1,000 ya vibarua wawili. Chakula chao tutaelewana. Bado itanifaa kuliko kurudisha vitambaa vya watu bila kushonwa. Mzazi ukimrudishia kitambaa Januari, mwaka unaofuata humwoni tena.

Baba Mdogo, 19:30
Hapo sawa, dada. Hilo la wateja sikulifikiria.

Kitinda, 19:34
Mwalimu, nina swali. Shangazi ananishinda kuvunja, na kushona pia ananishinda. Likizo ile alinifundisha Kibuye, nilikuwa natoa sketi moja kwa siku na jasho linanitoka. Kama ananishinda kwa kila kitu, mimi nasaidia nini? Si yeye ndiye afanye yote?

Mwalimu, 19:41
Swali lako lina umri wa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1817 mwanauchumi wa Uingereza David Ricardo alitoa mfano wa nguo na divai. Kutengeneza nguo kulihitaji kazi ya watu 90 kwa mwaka Ureno, Uingereza watu 100. Divai ilihitaji watu 80 Ureno, Uingereza 120. Ureno inashinda kote. Ungedhani haina haja ya kununua chochote Uingereza. Ricardo akaonyesha kuwa ni afadhali Ureno iweke nguvu kwenye divai na ichukue nguo za Uingereza, kwa sababu kila mtu wa Ureno anayefuma nguo ni divai nyingi iliyoachwa.

Sasa tuje kwako. Usiulize nani ni hodari zaidi. Uliza kila mmoja anaacha nini.

Shangazi kwa siku: sare 5 au magunia 6.
Wewe kwa siku: sare 1 au magunia 3.

Shangazi akijaza gunia moja ameacha karibu sare nzima. Wewe ukijaza gunia moja umeacha theluthi ya sare. Gunia lako ni rahisi kuliko lake, ingawa yeye ana mkono mwepesi kuliko wako. Hiyo ndiyo faida linganishi, na hakuna mtu asiyekuwa nayo mahali fulani, isipokuwa pale ambapo kila mmoja anaacha kiasi kilekile.

Kitinda, 19:44
Lakini hiyo ziada inatoka wapi? Mimi sijaongeza kasi, na yeye hajaongeza.

Mwalimu, 19:52
Piga hesabu na mimi. Chukulia Kibuye na Njoro ni boma moja, na kila mmoja wenu ana siku nne.

Mkigawa nusu kwa nusu, siku mbili kushona na mbili kuvunja: Shangazi sare 10 na magunia 12, wewe sare 2 na magunia 6. Jumla sare 12, magunia 18.

Sasa wewe vunja siku zote nne: magunia 12. Shangazi avunje siku moja tu: magunia 6. Siku tatu zilizobaki ashone: sare 15. Jumla sare 15, magunia yaleyale 18.

Sare tatu zimeongezeka. Hakuna aliyelala usiku wa manane wala kununua mashine. Zimetoka kwenye mpangilio.

Binamu Molo, 19:55
Nimeirudia hiyo hesabu kwenye karatasi, ni kweli. Ndiyo maana mchele wa Pakistan umejaa madukani na wao ndio wanunuzi wakubwa wa chai yetu? Nilikuwa najiuliza kwa nini tusijaze mashamba yote ya Ahero, kule Kisumu, mpunga tukamaliza hiyo habari.

Mwalimu, 19:59
Ni somo lilelile. Pale Kericho mwinuko na mvua vinakubali chai karibu mwaka mzima, nchi nyingi haziwezi. Lakini usiliache la Ahero. Mkulima wa pale akipata maji ya uhakika na kinu cha karibu, anachoacha kwa kulima mpunga kinabadilika, na jibu linabadilika. Naivasha ilikuwa na jua na ziwa tangu zamani, ila waridi halikufika Ulaya mpaka kukawa na ndege za mizigo na vyumba vya baridi.

Kitinda, 20:03
Basi hata mimi nisiandikiwe kuvunja maisha yangu yote.

Mwalimu, 20:05
Hasa. Zile namba ni za leo. Ukifika sare nne kwa siku, gunia lako litakuwa ghali kuliko la Shangazi na tutakutafutia mtu wa kuvunja badala yako. Nasema hili kwa moyo wote, kwa sababu nimesikia watu wakilitumia somo hili kumwambia mtu abaki pale alipo.

Shangazi Kibuye, 20:07
Mahindi yakiisha, njoo Kibuye. Cherehani ya pili imekaa tu.

Mama Mdogo, 20:16
Nimewasoma wote kimya. Naomba na mimi niulize. Vibarua wakija, ni nani atawapikia? Ni mimi. Siku za kuvunja naamka saa kumi, nakamua, natenga moto, chai ya saa nne, githeri ya saa saba, chai ya jioni, na maji ya kunawa watu wote. Siku hizo maziwa ya asubuhi nampa jirani ayapeleke Njoro mjini na nusu ya pesa anabaki nayo, na sukuma yangu inakomaa shambani kwa kukosa mchumaji. Kila mwaka tukimaliza Baba Kitinda anasema mahindi yametoka bila gharama ila mbolea, mbegu na trekta. Sijawahi kusema kitu. Lakini kama ya Shangazi yamehesabiwa, na yangu yahesabiwe.

Mwalimu, 20:20
Mama Mdogo, asante kwa kulisema. Nilikuwa nimeshughulika na cherehani na wewe hata sikukutaja.

Mwalimu, 20:24
Na nisiishie kwenye pole. Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Tunaandika mbegu, mbolea na trekta kwa sababu risiti zipo. Siku za mama, siku za vijana, na lile shamba lenyewe tunaziandika sifuri. Halafu tunajisifu kwamba mahindi yamelipa. Jirani akikodi zile ekari mbili angetulipa, na pesa hiyo tunayoikosa ni sehemu ya gharama ya mahindi yetu. Sisemi tukodishe. Nasema tuandike, ndipo tujue kama tunalima kwa faida au kwa mgongo wa mtu mmoja asiyelalamika.

Baba Mdogo, 20:31
Mama Kitinda yuko hapa kando yangu na ananiangalia. Nimelisoma mara mbili. Wiki ya maziwa na mboga inafika kiasi gani, mama? Amesema tutakaa naye tuandike. Tutaandika.

Binamu Molo, 20:33
Chakula cha vibarua tunaweza kununua kwa yule mama wa kibanda pale njiapanda. Yeye anapika sufuria kubwa kila siku, watu kumi zaidi hawamzidishii kazi sana. Mama Mdogo apeleke maziwa yake.

Mama Mdogo, 20:35
Hilo nalitaka. Githeri yake ni nzuri.

Kitinda, 20:41
Nyanya amenisikiza nikisoma hizi jumbe na amesema niandike maneno yake. Anasema: "Mimi sina haja na magunia. Mkipiga hesabu mkaona kila mtu abaki kwake, nitawaona lini? Kuvunja mahindi ndiko kunakowaleta. Na hilo mliandike."

Baba Mdogo, 20:43
Mama amesema.

Mwalimu, 20:47
Na ana haki. Gharama ya fursa si shilingi peke yake. Shangazi akibaki Kibuye, anachoacha ni pamoja na siku moja na Nyanya, na siku hiyo huwezi kumlipa kibarua aishike kwa niaba yako. Mimi nikiipima naona ni kubwa kuliko sare tano. Ila inapimwa na kila mtu mwenyewe.

Shangazi Kibuye, 20:52
Mwambie Mama nakuja. Lakini siku si sawa. Jumapili ndiyo soko kubwa Kibuye, siwezi kuacha. Wiki ya kufungua shule pia siwezi. Wiki inayofuata, katikati ya wiki, sare zinakuwa zimepungua na sikosi kitu kikubwa. Nitafika Jumanne jioni, Jumatano nivunje kutwa, usiku nikae na Mama, Alhamisi nirudi.

Baba Mdogo, 20:55
Tutakuachia kipande cha karibu na boma Mama akae kivulini akikuangalia. Jumatatu ya kwanza tunaanza na Kitinda na vibarua wawili. Binamu, lori lako la viazi likirudi tupu Alhamisi lipitie hapa libebe mahindi ya kupura.

Binamu Molo, 20:56
Litarudi tupu, ndiyo. Mafuta ya kuchepuka ni juu yenu.

Shangazi Kibuye, 20:58
Nimetuma 2,000 ya vibarua wawili siku mbili za kwanza. Ndugu yangu, thibitisha ukiipata.

Baba Mdogo, 20:59
Imeingia. Mia tano moja nampa mama wa githeri kama malipo ya kwanza, nitajazia kutoka kwangu.