Laptopu zinatoka kama njugu, lakini faida imeenda wapi?

Fundi wa Luthuli
Habarini wadau. Nina meza hapa Luthuli Avenue, Nairobi, ghorofa ya pili, nauza laptopu za mtumba kutoka Uingereza. Miaka mitatu iliyopita EliteBook 840 G3 niliiuza 28,000, nikibaki na 5,000. Kwa mwezi zilitoka kumi na mbili. Sasa naitoa kwa 15,000, nabaki na 2,000, na mwezi jana zimetoka 25. Ngazi zimejaa watu, ila nikipiga hesabu ni 50,000 badala ya 60,000. Jasho limeongezeka, ugali umepungua. Nyinyi mnafanyaje?

Dalali Mstaafu
Kijana, hiyo bei haikushuka bure. Prosesa ya G3 ni Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 rasmi inaanzia cha nane. Microsoft nayo iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi za Uingereza zinaziondoa, zinatua kwetu. Mwambie mteja hilo kabla hajalipa, asije akakurudia na maneno. Na uangalie mtaji: 13,000 mara 25 ni pesa nyingi kuliko ulizokuwa unazungusha zamani.

Mama Darizi
Mimi ni mteja wa aina hiyo, ingawa sikununua kwako. Nashona sweta za shule Kayole. Nembo nilikuwa nachorewa na kijana wa River Road, 500 kila moja, na siku mbili za kusubiri. Laptopu ya 28,000 hata bei nisingeuliza. Ilipofika 15,000, zamu yangu ya kupokea pesa za chama ikaingia, nikanunua ili nembo nichore mwenyewe. Sikuhama kutoka duka la mtu. Kabla ya hapo sikuwa mteja wa yeyote.

Sasa sikiza. Wiki ya pili betri inakaa dakika ishirini, diski inakwaruza kama kuku kwenye bati. Aliyeniuzia akaniambia vipuri hana, niulize mlango wa pili. Huko nikaacha pesa ya betri, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) na begi. Juzi nimempeleka dada yangu anunue ya mtoto. Tulienda mlango wa pili moja kwa moja.

Fundi wa Luthuli
Mama, umenigusa pabaya. Hata mimi watu wa betri huwaelekeza kwa jirani, tena kwa roho safi. Hiyo SSD walikufanyia ngapi?

Mama Darizi
4,500, na kuwekewa. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa.