Mjadala: Waingereza walipoiacha "thou", walipata au walipoteza?

Ndugu zangu, kuna hoja naikuta kila mara na siikubali: eti Kiingereza hakina adabu, kwa kuwa mjukuu na babu wote ni "you". Zamani Mwingereza alikuwa na "thou" ya mtu mmoja na "ye" ya wengi, kama wewe na ninyi. "You" ilikuwa hiyo hiyo "ye" inapotendewa jambo, na "thee" ni "thou" inapotendewa. Kuanzia karne ya 13, kwa kufuata Kifaransa cha mabwana, mkubwa akawa anaambiwa kwa wingi hata akiwa peke yake. "Thou" ikabaki ya mtoto, mtumishi, mpenzi na Mungu. Ikawa hata silaha: mwaka 1603, kwenye kesi ya uhaini ya bwana mkubwa Walter Raleigh, mwendesha mashtaka Edward Coke alimpiga "thou" za makusudi ili amdhalilishe mbele ya watu. Basi neno lililokufa ni hilo la kushushia watu. La heshima ndilo lililobaki, na leo hata mtoto wa chekechea anaitwa kwa neno la wakubwa. Mimi nasema walipata.

— Walipoteza, ndugu. Fungua Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka ninyi", kisha "nimekuombea wewe". Wanaopepetwa ni wanafunzi wote, anayeombewa ni Petro. Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliyatenga: "you", halafu "thee". Kiingereza cha leo ni "you" na "you", mpaka mfasiri aongeze neno au atie tanbihi. Naongoza kikundi cha Biblia kinachosoma Kiingereza, na pale ilinibidi nifungue ya Kiswahili ndipo tukaelewana nani anaambiwa nini. Wenyewe pengo wanalijua, ndiyo maana kusini mwa Marekani kuna "y'all" na mji wa Pittsburgh, huko huko Marekani, kuna "yinz", yote kwa maana ya ninyi.

— Msiwasahau Wakweka, wale Wakristo tunaowaita Friends, ambao misheni yao ilifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Kule Uingereza ya karne ya 17, mwanzilishi wao George Fox na wenzake walimwambia kila mtu "thou", awe hakimu, awe bwana. Kwao, kumwita mtu mmoja kwa wingi kulikuwa uongo na kulisha kiburi. Walipigwa, walifungwa, hawakuacha. Sasa mleta mada atujibu: kama "you" ndiyo iliyoleta usawa, mbona walioteswa kwa ajili ya usawa ndio walioing'ang'ania "thou"?

— Nilikuwa sijaiangalia ile Luka namna hiyo, nakubali kwamba hapo pana hasara. Kwa Fox sirudi nyuma. Yeye alitaka hakimu ashuke akae na mtumishi. Lugha ikampandisha mtumishi akakae na hakimu. Wote wawili wako benchi moja.

— Benchi moja, sawa. Lakini ukiwaita, ataitika nani?