Mods msiunganishe: huyu mkaguzi wa picha za watu, nani kamtuma?

Wakuu, habari za muda huu. Zangu mbaya. Naandika nikiwa kwenye daladala na mkono unatetemeka, herufi zikirukaruka mnivumilie.

Simtaji. Hakuna haja, nyote mnamjua. Kofia kaigeuza nyuma, laptopu kwapani hata msibani, na picha yake mwenyewe ya mwisho aliipiga Nyerere akiwa bado Ikulu. Siku hizi kazi yake ni moja tu: kufungua picha za wenzake na kutafuta kosa.

Leo nimeenda kwa mteja kufuata salio langu la kupiga picha za harusi. Naingia sebuleni, nani kakalia kochi la wageni na soda keshaletewa? YEYE. RAW zangu zote, yaani picha ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, kazimwaga kwenye DPP, ile programu ya Canon, kawasha alama za fokasi, vile viboksi vya kuonyesha kamera ililenga wapi. Halafu, wakuu, hapa ndipo napandwa na presha, kaigeuza laptopu kwa mama wa bibi harusi, kazumu, akasema: "Mama, unaona hiki kiboksi chekundu? Hapa kijana alifokasi keki."

Keki.

Mama kanitazama kuanzia kandambili hadi utosini: "Kwa hiyo siku ile tulikuwa tunaozesha keki?"

Jamani! Bibi harusi kwenye picha ile kope zinahesabika. Ukimzumu unaiona mpaka gundi ya kope za bandia. Ila nani atatazama kope wakati kiboksi kimekaa kwenye keki? Kamera yangu, Canon 6D, ina vidoti 11 vya fokasi, na cha katikati tu ndicho cha msalaba (kinasoma wima na mlalo), ndicho kinachokamata ukumbi ukiwa giza. Kwa hiyo unalenga jicho kwa kidoti hicho, unabonyeza nusu, unashikilia, unasogeza kamera ili keki nayo iingie, unapiga. Ukifungua kwenye kompyuta, kiboksi kipo palepale katikati, ila katikati kwenyewe keshahamia keki. Programu inakuonyesha kidoti kilichotumika, haijui kama kamera ilisogea. Hili hata dogo anayebeba stendi analijua. Yeye hajui, au anajua akakausha.

Hakuishia hapo. Akashuka kwenye data za picha, kasi ya shata na ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga), anasoma kwa sauti ya mahakamani: "Shata 1/80. ISO 12,800." Mama akadaka: "Elfu kumi na mbili na mia nane ya nini tena? Mbona hatukukubaliana?" Na yule bwana HAKUMSAHIHISHA. Akapiga funda la soda. Akawasha onyo la mwanga uliozidi, shela likajaa madoa, mama akauliza nani kamwagia mwanawe juisi.

Salio sijapewa. Angenitukana tu ningeondoka zangu. Ila kuigeuza laptopu! Kaigeuza taratibu, kwa mikono miwili, kama mshenga anayetoa mahari. Keki, wakuu. KEKI.

---

Mzee wa Flashi: Uzi bila picha ni batili. Tupia hiyo keki.

Lenzi Ukungu: Nakazia. Huyo huyo aliwahi kunikalisha mbele ya kamati nzima Kimara, anapekua EXIF zangu, zile taarifa zinazojificha ndani ya picha, moja moja. Mweka hazina ananukuu.

Fundi Mwenge: Mkuu, swali dogo tu. RAW zilifikaje sebuleni kwa watu?

Mtoa mada: Mama alitaka zote, "hata zile mbaya".

Fundi Mwenge: Basi kula chuma hicho. RAW haitoki nje. Unatoa JPEG, picha za kawaida zilizokwisha, na wakati wa kuzitoa Lightroom, ile programu ya kuhariri, unachagua zibaki taarifa za hakimiliki tu. Akifungua anakuta jangwa. Tena Lightroom yenyewe haionyeshi vidoti vya fokasi mpaka uiongezee kiprogramu. Wewe umempelekea adui mkuki na chakula cha njiani.

Dogo Janja wa Buza: Au zitume WhatsApp. Ikienda kama picha, EXIF zote kwisha habari. Na ubora nao kwisha habari 😂 Ila usitume kama dokumenti, data zinafika zote salama.

Kinyozi Mstaafu: Kope zinahesabika kwa ISO 12,800? Hii chai. Tundu la lenzi f ngapi?

Mtoa mada: f/2.8. Na kaigeuza kwa mikono miwili!

Kinyozi Mstaafu: Tumesikia mkuu, miwili.

Mzee wa Flashi: 6D ya mwaka 2012 na bado unadai salio 😂😂

Mama Aisingi: Mimi ndiye napika hizo keki. Wapiga picha wote mjini hamjawahi kunitumia picha moja ya keki yangu ikiwa safi. Kaka, hiyo yenye kiboksi naiomba, naweka kwenye ukurasa wangu.

Mtoa mada: Dada, HAINA fokasi ya keki! Ndiyo hoja!

Mama Aisingi: Sasa mbona mtaalamu kasema ipo?

Mtumba wa Kariakoo: Mna afadhali. Mimi nilinunua kamera mtumba kutoka Japani, sikugusa saa, ikabaki na saa za Tokyo. Nikapiga sendofu ya watu saa 3 usiku. Mume wa mmoja wa wasimamizi kafungua taarifa za picha, anakuta saa 9 usiku. Mke alimwambia saa 5 alishalala kwa dada yake. Nimeitwa kikao cha ukoo kwenda kueleza tofauti ya saa 6 kati ya Dar na Tokyo. Walileta na mchungaji.

Lenzi Ukungu: 😂😂😂 Ndoa ipo?

Mtumba wa Kariakoo: Ipo. Kamera ndiyo nimeuza.

Sauti ya Sabufa: Wapiga picha mnalialia sana. Sisi madijei mnatulaumu kila siku, eti taa zetu zinawachorea mistari kwenye picha. Punguzeni kasi ya shata.

Fundi Mwenge: Tukipunguza, bibi harusi akicheza anatoka mzimu. Wewe zima hizo za kijani, zinafanya watu waonekane kama wana homa ya manjano.

Sauti ya Sabufa: Kamati ndiyo huzitaka. Hiyo hiyo kamati ambayo saa 6 usiku inatuambia chakula cha watoa huduma kimeisha.

Lenzi Ukungu: Hapo umegusa mkuu. Unasimama saa tisa nzima, unaletewa wali mkavu na mchuzi wenye supu ya jana.

Mama Aisingi: Mimi sipewi hata wali. Naambiwa "wewe si una keki".

Mtoa mada: Wakuu, mada ni laptopu. Kaigeuza mbele ya mama mkwe wa mtu!

Dogo Janja wa Buza: Jumamosi iliyopita Mbagala tulipewa kuku. Kila mtoa huduma na kipande chake.

Sauti ya Sabufa: Ukumbi gani huo? Paja au shingo?